Stara ya Usiku: Usasi wa Unyamwezi tangu Misafara ya Pembe hadi Darubini ya Joto

Katika nchi ya Unyamwezi, ambayo Tabora ndiyo kitovu chake tangu zama za misafara, elimu ya kulipima joto la mnyama haikuanza na mitambo ya karne hii, bali ni elimu kongwe iliyofundishwa porini, baba kwa mwana na mjomba kwa mpwa, kabla nyayo za wapagazi hazijaichimba njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Msasi wa tembo alipofika penye kinyesi kibichi hakukiruka akaenda zake. Aliinama, akalivunja donge moja, akauingiza mkono ndani yake hadi kifundo, kisha akatulia. Kwani donge laweza kuwa limekauka nje kwa ukali wa jua la Oktoba, ilhali ndani yake bado mna fukuto, na kwa kadiri ya fukuto hilo, na kwa kutazama kama mbawakawa wamekwisha kulichimba, na kama nyuzi za magome yaliyotafunwa zingali na umajimaji, aliweza kuhukumu kama kundi limepita alfajiri ile ile au limepita jana, na kama safari ya kulifuata ni ya mchana mmoja au ni ya kulala njiani. Vivyo hivyo alipoyakuta malalo ya nyati katika majani marefu ya mbuga, alikiweka kiganja chake juu ya ardhi iliyolaliwa, na ardhi ikamjibu.

Leo mtu aweza kusimama juu ya gari, akaweka jichoni chombo cha urefu wa shibiri moja, akaliona joto la mnyama huyo huyo umbali wa mamia ya mita, katika giza la mwezi mwandamo, bila ya kuinama, bila ya kugusa kitu, wala mnyama asiwe na habari. Chombo hicho, ambacho katika makala haya nitakiita darubini ya joto, kinauzwa katika nchi nyingi kwa wasasi na kwa watazamaji wa wanyama, na bei yake imekuwa ikishuka mwaka hata mwaka. Itikadi yangu ni kwamba hatuwezi kukielewa barabara hapa kwetu ila kwa kukiweka mwishoni mwa mlolongo wa zana zilizotangulia kupita katika njia hii ya kale. Kwa maana kila zana iliyokuja ilipunguza masafa yaliyokuwapo baina ya msasi na windo lake, na kila mara sheria ilikuja nyuma ya zana hiyo, nayo imechelewa.

Kabla ya bunduki kuwa nyingi, uwindaji wa tembo katika Unyamwezi na Usukuma ulikuwa mikononi mwa chama cha mafundi walioitwa Bayege, watu wenye dawa zao, nyimbo zao na miiko yao, ambao hakuna aliyeingia kati yao kwa kutamani tu, bali kwa kufundishwa, kujaribiwa na kukubaliwa. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, aliandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 kwamba kabla ya kuondoka mafundi hao walicheza ngoma, wakaimba na kunywa pombe kwa muda wa juma zima. Ngoma hizo hazikuwa mchezo mtupu. Mtu anayekwenda kumkabili tembo kwa mkuki, au kwa mshale uliopakwa sumu, anakwenda mahali ambapo yawezekana asirudi, na jamaa zake walimsindikiza kwa namna inayostahili safari hiyo. Na ilikuwa itikadi ya wasasi wengi wa nchi hizi kwamba mume akiwa porini, mke naye yumo katika uwindaji huo huo, maana kosa lake la nyumbani lingemfika mumewe mbele ya mnyama.

Mawindo nayo yalikuwa na mwenyewe. Tembo akianguka, pembe moja kati ya mbili ilikuwa haki ya mtemi wa nchi, na katika sehemu nyingi za bara ilikuwa ni ile iliyogusa ardhi kwanza. Ngozi ya simba na ya chui zilikuwa zake pia. Sisemi kwamba Bayege walikuwa walinzi wa wanyama, kwa sababu hawakuwa hivyo. Walitaka nyama, walitaka pembe, walitaka sifa, na mashimo waliyoyachimba yaliua majike na watoto bila ya kuchagua. Nisemalo ni kwamba walikuwa watu wanaojulikana, wenye mkubwa wa kuwauliza, na kwamba kazi yao ilikuwa na gharama iliyolipwa na mwili wa msasi mwenyewe, kwa sababu aliyetaka kumchoma tembo mkuki hakuwa na njia ila kumkaribia hata akaisikia pumzi yake. Gharama hiyo ndiyo iliyokuwa mizani ya jambo zima, na mtu akiisoma historia ya Tabora kwa makini ataona jinsi mizani hiyo ilivyopunguziwa uzito, kidogo kidogo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini.

Amma Tabora yenyewe, ni mji uliojengwa na pembe. Msafara ulioondoka Bagamoyo ulipitia Mpwapwa, ukaingia Ugogo ambako watemi walidai hongo kwa kila kisima, ukaivuka Mgunda Mkali, nyika ya kiu na vichaka vya miiba, ukatokea Tura ulio mlango wa Unyamwezi, ndipo ukapumzika Unyanyembe, nchi ilipo Tabora, mahali ambapo njia ziligawanyika: moja ikashika magharibi kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuzunguka ncha ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo walipoweka makao Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, na Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman aliyewapokea Burton na mwenzake Speke kwa ukarimu ambao habari zake zilifika hata Ulaya. Pembe zililetwa kutoka kila upande, zikapimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, zikatengwa kwa daraja zake: kubwa ambazo mpagazi mmoja aliyechaguliwa kwa nguvu zake alizibeba peke yake begani, buri zilizo za kadiri, na kalasha zilizo ndogo. Wabeba pembe walikuwa na fahari kupita wenzao waliobeba merikani na shanga, wakifuata karibu na kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake, na kwenye ncha ya pembe mara nyingi ilifungwa kengele ya ng'ombe iliyolia kwa kila hatua, hata mji ukajua kuwa mali inakuja kabla ya kuiona.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwapa wageni hao nafasi, na binti yake Karunde akaolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Tippu Tip. Lakini Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere aliwatoza ushuru wafanyabiashara, nao wakamwondoa kitini kwa silaha na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akahangaika porini miaka kadhaa, akipigana na kukimbia, mpaka akauawa mwaka 1865. Wengi huisoma habari hii kama ugomvi wa biashara tu. Mimi naisoma pia kama habari ya wanyama, kwa kuwa haki ya mtemi juu ya pembe ndiyo iliyokuwa sheria ya uwindaji ya nchi ile, na siku mtemi alipofukuzwa kwa sababu ya kudai sehemu yake katika mali iliyopita nchini mwake, ilidhihirika kwamba anayenunua pembe amekuwa na nguvu kuliko anayemiliki pori zinakotoka.

Baada ya hapo bunduki zilimiminika. Mirambo wa Urambo, aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwapiga vita Waarabu wa Tabora, hata Stanley akajikuta ndani ya vita hivyo alipokuwa njiani kumtafuta Livingstone, aliisimamisha dola yake juu ya nguzo mbili, njia na bunduki, na bunduki zilinunuliwa kwa pembe. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka kuingia bara. Nyingi zilikuwa gumegume, za kushindilia baruti na risasi kwa mdomo, na msasi wa gumegume naye alilazimika kumkaribia tembo kwa hatua chache; hata hivyo hakuhitaji tena ujuzi wa sumu wala ndugu kumi wa kumzunguka mnyama, na chama cha mafundi kikaanza kupungukiwa na maana yake, kwa sababu mwenye bunduki alikuwa fundi kwa kuinunua.

Tembo wakarudi nyuma, na biashara ikawafuata. Unyamwezi uliokuwa chimbuko la pembe ukageuka kuwa njia yake tu, na macho ya matajiri wa Tabora yakaelekea Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako Tippu Tip alijenga utawala wake penye Kasongo. Wapo pia wenyeji wa nchi hii waliozifuata pembe kwa miguu yao hadi Katanga, wakiongozwa na Msiri mwana wa Kalasa, wakasimamisha himaya ya Garenganze penye mji wa Bunkeya; Msiri aliuawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini kizazi cha wafuasi wake kingaliko Kongo, wakiitwa Wayeke, jina lililotokana na chama kile kile cha wasasi wa tembo. Hivyo ndivyo Bayege walivyosafiri umbali wa mamia ya kilomita kuwatafuta wanyama ambao babu zao waliwapata kwa mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani.

Sheria nayo ilikuja kwa mwendo wake. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu gumegume. Ulikuwa mkataba wa kuzuia vita na biashara ya watumwa, wala haukuandikwa kwa kumhurumia tembo, lakini humo mataifa yalikubaliana kwamba zana yenyewe, kabla ya tendo la mwenye kuitumia, yafaa iwekewe mpaka. Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiayalandi aliyekuwa ameoa na kuweka makao Unyamwezi, akiongoza misafara ya bunduki na pembe kwenda Maziwa Makuu, alinyongwa na ofisa wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1895 kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Wajerumani, waliokwisha kuishinda Tabora mwaka 1893, siku Mtemi Isike alipoilipua ghala ya baruti ya ngome yake ili asikamatwe hai, walitoa mwezi Mei 1896, chini ya Gavana Wissmann, amri ya wanyamapori iliyoweka leseni na maeneo ya hifadhi. Mkataba wa London wa mwaka 1900 uliagiza kunyang'anywa kwa pembe zilizopungua kilo 5, na kwa maandishi ya mkataba huo kalasha, iliyokuwa bidhaa halali katika kila duka la Tabora, ikawa ushahidi wa kosa. Mwenyeji ambaye babu yake alisindikizwa porini kwa ngoma ya juma zima akaitwa jangili kwa kuifanya kazi ile ile, ilhali mgeni mwenye leseni na bunduki ya masafa marefu akaitwa mwanaspoti. Dhuluma hiyo haifai kufichwa, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu wengi wa bara waiangalie sheria ya wanyama kama sheria ya watu wengine, na athari yake ingalipo mpaka hivi leo.

Hata hivyo, katika sheria za wakoloni limo jambo moja ambalo naliona la haki, nalo ni lile lililoandikwa katika Mkataba wa London wa Novemba 1933 kuhusu viumbe na mimea ya Afrika: kwamba kuwinda kwa taa za kutia kiwi, kwa sumu, kwa mitego na kwa kuwazingira wanyama kwa moto, au kuwafukuza kwa magari na ndege, kupigwe marufuku. Taa zilitajwa kwa sababu zilikuwa zimekwisha kufika. Reli ilikuwa imeingia Tabora tangu mwaka 1912, magari yakaifuata, na mwanga mkali ukimpiga mnyama usiku macho yake hung'aa kama makaa, miguu ikagoma, akasimama mahali pamoja akiutazama mwanga unaomuua. Ulipokuja mradi wa karanga mwaka 1947, ambao Urambo ya Mirambo ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu, zililetwa mashine zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya vita, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Mradi ulikufa baada ya miaka michache; barabara na magari yakabaki, na kurunzi ikashuka bei hata mwenye gobore la kutengenezwa kijijini akaweza kuwa nayo.

Wanyama walijifunza. Ni jambo lililothibitishwa na wataalamu, na wazee wa porini walilijua bila ya kuthibitishiwa, kwamba tembo anayewindwa hubadili saa zake: mchana hujificha katika vichaka vizito, magharibi hutoka, usiku hunywa maji na kuvuka sehemu za hatari kwa haraka, na kabla ya jogoo kuwika amekwisha kurudi alikojificha. Nyati hufanya vivyo hivyo, na tandala, na hata swala katika mahali penye bughudha. Usiku ukawa stara yao, na sheria ya nchi huru, ile ya mwaka 1974 na ile Namba 5 ya mwaka 2009, ikaitambua stara hiyo kwa kukataza uwindaji wa gizani. Msasi mwenye leseni afungue msimu mwezi Julai, aamke na jua, akunje bunduki yake jua linapozama. Saa zilizobaki ni za mnyama.

Ndipo sasa tunafika kwenye darubini ya joto, na inatulazimu kueleza kwanza ilikotoka. Mwaka 1800, William Herschel, mnajimu aliyekuwa akiishi Uingereza, aliugawa mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu ukawa rangi za upinde wa mvua, akaweka vipimajoto katika kila rangi, na akakuta kwamba kile kilichowekwa nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Miali hiyo isiyoonekana, inayoitwa infraredi, hutoka katika kila kitu chenye joto, kiwe jiwe, mti au mwili wa kiumbe. Karibu na mwaka 1880 Mmarekani Samuel Langley alibuni chombo chepesi mno cha kuipima miali hiyo, na hadithi yake mashuhuri ni kwamba kiliweza kulihisi joto la ng'ombe aliye mbali malishoni. Yaani tangu utoto wake elimu hii ilijaribiwa juu ya mnyama. Mwaka 1929 Mhungaria Kálmán Tihanyi alitengeneza kamera ya infraredi kwa ajili ya ulinzi wa anga wa Uingereza, na kwa miongo mingi baadaye mitambo hiyo ilikaa mikononi mwa majeshi, mizito, ya ghali, inayohitaji kupozwa kwa baridi kali ili ifanye kazi. Mlango ulifunguliwa mwaka 1992, siri ya vihisio visivyohitaji kupozwa, vilivyobuniwa na kampuni ya Honeywell huko Marekani, ilipoondolewa. Na kutoka hapo haikuchukua muda mrefu bidhaa ikafika madukani.

Ndani ya darubini hiyo mna kibao kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na juu yake vihisio maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikipima joto la nukta yake na kuweza kutambua tofauti ndogo sana, chini ya sehemu ya kumi ya digrii moja. Lenzi yake si ya kioo, kwani kioo cha kawaida huizuia miali hiyo, bali ya madini ya jemaniamu. Mwenye kuitazama mbuga kwa darubini hii saa tisa ya usiku, katika msimu wa kiangazi, huona ardhi imelala katika rangi ya kijivu iliyofifia, maji ya mto ni ukanda wa rangi nyingine, na katikati ya kijivu hicho swala waliojilaza ni vipande vyeupe vyenye umbo, shingo ikigeuka, sikio likitikisika. Tembo huonekana kwa namna ya ajabu zaidi, kwa kuwa hana jasho la kumpoza kama letu, na hulitoa joto lake kwa kupeleka damu kwenye masikio na sehemu nyingine za ngozi. Basi waweza kuyaona masikio yake yakiwaka na kufifia kwa kadiri mwili wake unavyotaka. Ni uzuri wa hakika, nami nawatamania watoto wa shule za Tabora siku ambayo watautazama.

Lakini saa ya magharibi chombo hicho hicho hudanganya. Vichuguu vya mchwa, ambavyo vimejaa kila mahali katika miombo ya Unyamwezi, hunywa jua mchana kutwa na kuendelea kulirudisha muda mrefu baada ya giza kuingia. Mawe na magogo vilevile. Na kwa mbali kichuguu chenye joto na nyati aliyelala havitofautiani sana. Nyoka na mamba, ambao damu yao hufuata joto la mahali, hupotea katika ardhi na maji. Kubwa kuliko hayo, darubini humwambia mtu kwamba pale pana kiumbe chenye joto, lakini katika umbali mkubwa haimwambii ni kiumbe gani, ni dume au jike, ana mtoto ubavuni au hana. Na pori la Tabora usiku si la wanyama peke yao. Nchi hii ni ya asali tangu dahari. Mizinga ya magome imetundikwa mitini kwa maelfu, na mrina asali hupendelea kupanda mti wake jioni au usiku, nyuki wanapokuwa watulivu, akiwa na kienge cha moshi mkononi. Mtu aliyejikunja juu ya tawi, au aliyelala kando ya moto uliozimika, ni doa jeupe kama madoa mengine. Anayelenga bunduki kwa kulifuata joto peke yake anaweza kumuua baba wa watu, na hoja hii moja ingenitosha hata kama zisingekuwapo nyingine.

Kwa upande wa pili, chombo hicho kilipowekwa mikononi mwa walinzi, historia yake Afrika Mashariki imekuwa njema. Mwaka 2016, katika Maasai Mara nchini Kenya, shirika la WWF pamoja na kampuni ya FLIR walifunga kamera ya joto juu ya gari la doria la askari wa wanyamapori, na ilipofika Novemba mwaka huo ilitangazwa kwamba majangili zaidi ya ishirini na wanne walikuwa wamekamatwa kwa msaada wake tangu Machi. Na katika hifadhi nyingine kamera za namna hiyo ziliwekwa juu ya nguzo mpakani, zikiwa na programu inayotofautisha mwendo wa binadamu na wa mnyama. Askari waliozoea kulipapasa giza, wakisikiliza mlio wa panga na kunusa harufu ya moto, wakaanza kuona. Kwa nchi kama yetu, ambayo hesabu ya tembo ilianguka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014, jambo hilo si dogo. Hasara ile kubwa ilipatikana katika muda wa miaka mitano tu, wakati misafara ya Tabora, pamoja na ulafi wake wote, ilichukua zaidi ya kizazi kimoja kuwarudisha tembo hadi ng'ambo ya ziwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi nyingine zimeruhusu. Ni kweli. Katika jimbo la Texas watu huwapiga risasi nguruwe waliogeuka pori usiku kwa darubini za joto, na Ujerumani, nchi ile ile iliyotuletea amri ya mwaka 1896, ililegeza sheria yake ya silaha mwaka 2020 ili wawindaji wa nguruwe mwitu waweze kutumia vifaa vya kuonea gizani, kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Na huko huko watu wa heri huzirusha droni zenye kamera ya joto juu ya mashamba ya majani ili kuwaokoa watoto wa paa kabla ya mashine ya kukatia kupita. Lakini nguruwe wa Texas ni mnyama aliyezidi kiasi katika nchi isiyo yake, ilhali tembo na nyati wa Ugalla ni mabaki ya mali iliyoporwa kwa karne mbili. Mto Ugalla, ambao bonde lake lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, umepewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2019, na kwa kufanya hivyo taifa limekiri kwamba mahali hapo pamechoka kuwindwa.

Sheria yetu ilipoukataza mwanga wa kutia kiwi na uwindaji wa usiku, ilikusudia mwanga unaoonekana. Darubini ya joto haitoi mwanga wowote, haina sauti, haimtii mnyama kiwi wala haimwamshi, na mwenye kuipachika juu ya bunduki aweza kujidanganya kwamba hajavunja lolote. Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya wanyamapori wasingoje mkataba mwingine uje umechelewa kama ule wa Brussels na ule wa London: darubini ya kutazamia iandikishwe kwa jina la mwenyewe kama bunduki inavyoandikishwa, ile ya kupachikwa juu ya silaha ikatazwe waziwazi kwa kila mwindaji, mgeni na mwenyeji, bila ya upendeleo uliotutia uchungu zama za wakoloni, na askari wa Ugalla na wa mapori yote ya magharibi wapewe za kutosha, pamoja na mafunzo ya kuzitumia. Na wanavijiji wa Sikonge, Kaliua na Urambo, ambao mizinga yao ingali imetundikwa katika miombo hiyo, washirikishwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa mbele ya mtutu likikosewa jambo hili.